USALAMA WA WATU NI AMANA

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).



Qur'ani inatuamrisha tutembee katika ardhi, tuangalie mwisho wa waliotutangulia. Basi twende kwa fikra hadi mji wa Reading, Uingereza, katika bustani iitwayo Forbury. Kando yake utaona magofu ya monasteri, makao ya watawa wa Kikristo. Mfalme Henry wa Kwanza aliyaanzisha mwaka 1121, akazikwa humo mwaka 1136. Mwaka 1539 Henry wa Nane akayafunga, mkuu wa watawa akanyongwa, mawe yakachukuliwa kujengea kwingine. Leo hakuna awezaye kukuonyesha kaburi la yule mfalme. Henry alijenga, Henry akabomoa, na wote wawili wamekwenda.

Katika karne ya 19, zama za Malkia Victoria, wenyeji walitengeneza hapo bustani ya watu wote. Ilipochakaa waliikarabati, ikafunguliwa tena mwaka 2005. Maskini na tajiri, mwenyeji na mgeni, hukaa penye majani yale bila kuulizwa dini.

Lakini jioni ya tarehe 20 Juni 2020 mtu mmoja aliingia na kisu, akaua watu 3 waliokuwa wakipumzika, huku akilitaja jina la Allah. Mwaka 2021 mahakama ilimfunga maisha bila tumaini la kutoka.

Ndugu msomaji, usiseme hayo ni ya Wazungu. Huku kwetu, upande wa Beni, watu wamechinjwa na wanaodai kuitetea dini hii. Jirani yako Mkristo akiiogopa kanzu yako, usimkasirikie. Tazama ni nani aliyemtia hofu. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba Mwislamu ni yule ambaye watu wamesalimika na ulimi wake na mkono wake. Anayemwaga damu isiyo na hatia kwa jina la Mungu amemzulia Mungu uongo.

Kwa hiyo, ukimsikia kijana akiwasifu wauaji, usinyamaze ukisema si mwanangu. Mwite, kaa naye, mfundishe. Kunyamaza kwako nako kutaulizwa Siku ya Kiyama.

Ewe Mola, tujaalie tuwe watu ambao jirani hulala salama karibu nao. Amin.

Wassalamu alaykum.