Kontena Lisilotobolewa

Jirani yangu hapa Kayole alinijia Jumapili jioni na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amepiga hesabu ya mjengo mpaka akachoka. Mawe yamepanda bei, simiti haishikiki, na fundi anataka pesa yake kila Jumamosi. Sasa ameamua kununua makontena manne ya futi 20, ayapange kwenye ploti yake, kila moja liwe keja ya mpangaji. Alichotaka kwangu ni mchoro tu.

"Weka tundu la waya wa stima na la bomba la maji, basi," akasema. "Madirisha usinichoree, fundi. Kontena likishatobolewa halina bei."

Nilimwambia nitafikiria. Nimefikiria wiki mbili, na nimeona kwamba swali aliloniachia halihusu uchoraji peke yake. Je, ni haki kumlaza mtu ndani ya kitu ambacho mwenyewe bado anakihesabu kuwa sanduku la mizigo?

Watu wa Eastlands hatuhitaji kufundishwa kontena ni nini. Bandari kavu ya Embakasi imekuwa jirani yetu tangu 1984, na ukipanda matatu ya Outering Road utaona makontena yaliyogeuzwa hadiwea, kinyozi, bucha na duka la M-Pesa. Lakini duka si nyumba. Mwenye duka hufungua milango yote asubuhi, na jioni huifunga akaenda kulala kwingine.

Kontena tunalolijua leo lilianzia Marekani. Aprili 1956, mfanyabiashara wa malori aitwaye Malcom McLean alipakia masanduku 58 kwenye meli ya Ideal X, ikatoka Newark kwenda Houston. Baadaye dunia ikakubaliana vipimo ili sanduku lilelile liingie kwenye meli, treni na lori. Ndani, kontena la futi 20 lina urefu wa karibu mita 5.9, upana wa mita 2.35 na kimo cha mita 2.39. Kila kitu humo kilipangwa kwa ajili ya mzigo. Milango ina mpira pande zote ili maji yasiingie, na vyuma vya kuifungia viko nje peke yake, kwa sababu mzigo haujifungulii mlango.

Sasa fikiria Julai ya Nairobi. Baridi imekaza, chuma kimekuwa kama barafu, na pumzi za waliolala zinageuka maji na kudondoka kutoka juu. Mama anaingiza jiko la makaa ndani ili watoto wapate joto. Tumeshasikia mara nyingi habari za familia zilizolala hivyo zisiamke, na hizo zilikuwa nyumba za kawaida, zenye nyufa zake. Kontena lililofungwa lina vitundu vichache vidogo vya hewa, basi. Dirisha hapo si pambo.

Nilipomweleza hayo, jirani hakukasirika. "Twende Pipeline, fundi," akasema. "Huko ghorofa zimekumbatiana mpaka taa inawashwa saa sita mchana. Singo ni futi kumi kwa kumi. Mimi nampa mtu nafasi mara moja na nusu ya hiyo, hapa chini, bila ngazi. Na bado unanihesabia madirisha?"

Hoja hiyo ina uzito, na sitajifanya haina. Kuna watu ambao wangehamia kwake kesho na kumshukuru. Tena, nisipochora mimi, atachora mwingine, na hela ya mchoro ningeipenda. Ila nina shaka na mizani yake. Ukimpima mtu kwa shida anayotoka, hakuna kitu kitakachokosa kumtosha. Aliyelala barazani atatoshwa na stoo, na aliyelala stoo atatoshwa na kontena. Mizani hiyo inatuambia nani amefika mahali pabaya zaidi. Haituambii anastahili nini.

Upande huu wa mji una historia ndefu ya hesabu kama hiyo. Kariokor ilirithi jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Enzi za mkoloni, nyumba nyingi zilizojengewa Waafrika hapa zilihesabiwa kwa nafasi za kitanda. Mwanaume alikuja na kipande chake, akafanya kazi, na ilitarajiwa kwamba kazi ikiisha atarudi kwao kijijini. Mke na watoto hawakuwa kwenye ramani. Vyumba vilikuwa vidogo, ndiyo, lakini udogo sio uliouma zaidi. Kilichouma ni kwamba aliyekijenga chumba alikuwa anasubiri uondoke.

Linganisha na Dandora. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Halmashauri ya Jiji ilipima huko viwanja takriban 6,000. Mtu alipata kiwanja chenye maji na choo, vyumba vingine akajijengea kadiri mfuko ulivyoruhusu. Mradi ule ulikuwa na kasoro zake, na wengi waliopata viwanja waligeuka kuwa wenye ploti wanaopangisha. Hata hivyo wazo la mwanzo lilikuwa na heshima: unapewa nusu nyumba, lakini nusu hiyo ni yako, na ukitaka kuitoboa dirisha unaitoboa.

Nikamwambia jirani kwamba kontena lake lisilotobolewa linafanana zaidi na nafasi ya kitanda kuliko na Dandora. Ni chumba kinachosubiri mtu aondoke.

Hapo akaninyamazisha. "Hata mimi mwenyewe nasubiri kuondolewa," akasema. Ploti aliinunua kwa kampuni ya kununua mashamba. Alicho nacho ni cheti cha hisa; hati miliki hana. Amewahi kuona tingatinga likiingia alfajiri kwenye nyumba za watu waliokuwa na karatasi kama yake. Ukuta wa mawe huwezi kuubeba. Kontena unaita lori lenye kreni, unaondoka nalo.

Woga huo ni wa kweli. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa, lakini jirani yangu bado anaamka usiku akisikia injini kubwa. Basi siwezi kumwita mtu mwovu. Ni mtu asiye na uhakika anayetaka kumpokeza mpangaji wasiwasi wake.

Ila nilipouangalia woga huo kwa jicho la fundi, niliona amefunga mambo mawili kwa kamba moja: kulihamisha kontena na kuliuza. Uzito wa kontena hubebwa na nguzo nne za pembeni. Ukikata dirisha ubavuni, kisha ukalizungushia fremu ya chuma iliyochomelewa vizuri, bado unaweza kuliinua likiwa tupu na kuliweka kwenye lori. Kitakachopotea ni nafasi ya kulirudisha melini, pamoja na sehemu ya bei yake. Kwa hivyo tingatinga halimlazimishi mpangaji akae gizani. Bei ndiyo inayomlazimisha. Na mpangaji atakuwa analipa kodi kila mwezi. Sioni haki ya kumtoza mara ya pili kwa hewa yake.

Basi nimechora hivi. Madirisha mawili yanayotazamana, hewa iingie huku itokee kule, na jiko liwe chini ya mojawapo. Mlango wa kawaida uingizwe nyuma ya ile milango mikubwa, wenye komeo la ndani, na milango ya zamani ifungwe kwa nati ikiwa wazi ili asiwepo mtu wa kuweza kumfungia mwenzake. Mbao za sakafu ya kontena kwa kawaida hutiwa dawa ya wadudu, kwa hivyo zing'olewe. Kuta zipate sentimita 5 za kuzuia joto na baridi, na juu paa la mabati lililoachiwa nafasi ya upepo. Upana utabaki mita 2.25. Kitanda cha 4 kwa 6 kikilazwa kando ya ukuta, inabaki njia ya mita moja. Ni padogo, lakini mtu anaweza kufungua dirisha bila kuomba ruhusa.

Nimempa mchoro huo mmoja tu. Makontena bado hajanunua. Jana alipita akasimama mlangoni, akauliza welda anatoza ngapi kwa dirisha moja. Nikamtajia. Akakunja uso, akatazama chini kidogo.

"Na mawili, je?"