Je, Wembe ni Ule Ule?

Waswahili husema "wembe ni ule ule" wanapotaka kumwonya mtu kuwa yaliyompata jana yatampata na leo. Msemo huu hauna shaka ndani yake. Huchukulia kuwa wembe ulionyoa jana ndio utakaonyoa kesho. Lakini iko kazi moja ya mikono inayoutia mashakani, nayo ni kazi ya kufufua nyembe za kale: zile nyembe ndefu za kukunja walizotumia vinyozi na waungwana kabla ya King C. Gillette kupata hataza ya wembe wake wa bapa la kutupwa mwaka 1904.

Nyingi za nyembe hizo zilifuliwa Sheffield ya Uingereza na Solingen ya Ujerumani. Sheffield ilipata sifa kwa feleji iliyoyeyushwa katika vyungu vya udongo, njia aliyoianzisha Benjamin Huntsman, mtengeneza saa, katika miaka ya 1740. Wembe wa namna hii una bapa la feleji, na mpini wa vibao viwili vya pembe, mfupa, gamba la ng'amba au pembe ya ndovu, vilivyoshikwa kwa misumari myembamba. Bapa likitunzwa hupita umri wa mjukuu. Mpini hupasuka, huliwa na wadudu, na ule wa seluloidi ukioza hutoa mvuke unaolitia bapa kutu. Fundi wa leo huikata misumari, huutoa mpini mbovu, huondoa kutu, kisha huchonga mpini mpya kwa mkono, kwa mti na umbo apendalo mwenye wembe. Akimrudishia, je, wembe ni ule ule?

Swali hili lina umri mkubwa kuliko wembe wowote wa Sheffield. Plutarch alieleza jinsi Waathene walivyoihifadhi merikebu ya Theseus kwa kubadilisha mbao zilizooza, hata wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakisema ni ile ile, wale wakisema siyo. Mwaka 1655 Thomas Hobbes akaongeza taabu: mtu akiziokota mbao kuukuu akaziunga upya, ipi basi ndiyo merikebu? Taabu hiyo si ya vitabuni tu. Mpini wa kale wa bapa lililovunjika unaweza kupachikwa bapa jingine, na mnunuzi akaambiwa kuwa viwili hivyo vilizaliwa pamoja.

Kwa maoni yangu, wanafalsafa hao walikiuliza chombo swali lililompasa fundi. Chombo hakidai kuwa ni kile kile. Anayedai ni mtu. Kwa hiyo nauliza: fundi ana haki ya kubadili nini? Mpini ulifungwa kwa msumari, na kitu kilichofungwa kwa msumari kilikubali tangu mwanzo kuwa siku moja kitafunguliwa. Feleji haikukubali hivyo. Wembe unaponolewa, mgongo na makali hulala pamoja juu ya kinoo, na unene wa mgongo ndio unaopanga mwinamo wa makali. Fundi mwenye pupa ya mng'aro akiusaga mgongo kwa mashine, amekwisha kuyabadili makali yenyewe. Akiliacha bapa lipate moto hata likageuka rangi ya buluu, ugumu aliolitia mfuaji umetoweka. Pengine huifuta na chapa iliyo mkiani, ambayo huenda ni masalio pekee ya jina la aliyelifua. Husemwa kwa kumtetea kuwa wembe unaong'aa huuzwa kwa bei nzuri. Bila shaka huuzwa. Hata hati ya kale ikipitia kwa mnakili anayesahihisha kila asichokielewa, husomeka kwa urahisi zaidi.

Liko jambo gumu kuliko hilo, nalo linatuhusu sisi wa pwani. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu katika Afrika ya Mashariki. Zilibebwa mabegani kutoka bara hata Bagamoyo, zikavushwa bahari, na sehemu yake ikaishia Uingereza mikononi mwa watengeneza visu na nyembe. Fundi aletewapo mpini wa namna hiyo uliopasuka, afanye nini? Kutia pembe mpya ni kuomba ndovu mwingine afe. Biashara ya kimataifa ya pembe ilikatazwa kwa uamuzi wa 1989, na sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika 2022 huzuia hata kuuza vitu vingi vya pembe ya kale. Yupo atakayeona heri kuutupa mpini huo kwa aibu. Sikubaliani naye. Kuutupa hakumfufui ndovu, wala hakumpunguzii mpagazi mzigo aliokwisha kuubeba. Huondoa tu ushahidi mmoja wa mzigo huo. Na auhifadhi kando pamoja na misumari yake, bapa alitengenezee mpini wa mti. Mpingo wa kusini mwa Tanzania hufaa sana kwa ugumu wake, ila mti huo nao hukua polepole mno, na kipande kilichobaki katika kazi nyingine kinatosha kabisa kwa mpini wa wembe.

Kabla ya kupiga msumari wa mwisho, achore jina lake na mwaka upande wa ndani wa kibao kimoja. Anayenyoa hatasumbuliwa na maandishi hayo. Atakayeufungua mpini huo miaka mia ijayo atajua kipi kilitoka Sheffield na kipi kilitoka mkononi mwa nani, naye atakuwa huru kuubadilisha tena.