Kutazama Nako Kuna Hodi

Ndugu msomaji, hebu nikuulize swali moja kabla hatujaenda mbali. Macho yako yakitua juu ya kitu kisicho chako, umekidhuru? Hukukigusa, hukukichukua, hukukiharibu. Umekitazama tu, ukaenda zako. Je, kuna kosa hapo?

Mimi nilikuwa na jibu langu, na nilikuwa na uhakika nalo. Nilisema hakuna kosa. Wahenga walikwisha sema kwamba macho hayana pazia. Tena kwa mtu kama mimi, anayetaka kuwa mwandishi, kutazama ndiyo kazi yenyewe. Mvuvi ana nyavu, mkulima ana jembe, mwandishi ana macho. Ukimnyima kutazama umemnyima kula.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni kijana wa Muleba, mkoani Kagera. Nilimaliza kidato cha nne, mambo yakakwama hapo hapo. Mchana natoa fotokopi katika kibanda kimoja mjini Bukoba, usiku naandika riwaya. Riwaya hiyo inahusu meli ya MV Bukoba. Sikuwa nimezaliwa ilipozama karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo. Inakadiriwa kwamba waliokufa walizidi 800. Kwa upande wetu aliyekwenda alikuwa baba yangu mdogo, kitinda mimba wa bibi. Alipandia Kemondo na mikungu yake ya ndizi, na mwili wake haukupatikana. Kwetu Buhaya mtu huzikwa kibanjani, kwenye migomba ya kwao. Kibanja chetu hakina kaburi lake. Kina mimi tu, niliyepewa jina lake.

Bibi ndiye aliyemsindikiza mpaka bandarini. Basi nikamwandama bibi. Kila nilipokwenda Muleba nilibeba kaunta buku langu. Bibi, siku ile alivaa shati gani? Bibi, neno lake la mwisho lilikuwa lipi? Mara ya kwanza alinijibu kwa maneno machache. Mara ya pili akanyamaza. Mara ya tatu akainuka, akachukua kisu chake akaenda kibanjani, nami nikamfuata na kalamu mkononi. Akauinamia mgomba, akanipa mgongo.

"Mjukuu wangu waitu," akasema, "niache nipumzike."

Na hayo nayo nikayaandika! Nikajiambia: sikumgusa, nimemtazama tu.

Sasa nikutoe Muleba nikupeleke Unguja, maana huko ndiko jibu langu lilikovunjika. Mwaka jana nilipata mapumziko ya kwanza maishani mwangu. Binamu yangu anafanya kazi jikoni katika hoteli moja ya pwani ya kusini, akanialika siku nne. Nikapanda basi hadi Dar es Salaam, nikavuka kwa boti. Binamu akaniambia, "Usirudi Bukoba kabla hujaona pomboo wa Kizimkazi." Akaniombea nafasi kwa nahodha anayemfahamu, kwa bei ya ndugu. Hata hiyo bei ya ndugu ilikuwa mshahara wangu wa juma zima.

Inafaa nieleze kwamba ziwa letu halina pomboo. Lina sangara, sato na dagaa, lina mamba, lina fisi maji ambaye wavuvi humlaani kwa kuwaibia samaki nyavuni. Kwetu maji ni kazi, na tangu 1996 maji ni msiba. Mtu kulipa fedha ili aingie majini kufurahi, halafu arudi mikono mitupu, ni jambo ambalo bibi yangu angeliita wazimu. Mimi nilikwenda kuuonja wazimu huo.

Kizimkazi ni kijiji cha zamani mno. Katika msikiti wa Dimbani kuna maandishi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Hapo ndipo alipozaliwa pia Rais Samia Suluhu Hassan, mwaka 1960. Lakini wageni wengi hawaji kwa ajili ya historia hiyo. Wanakuja kwa ajili ya pomboo, wa aina mbili: wale wenye pua kama shingo ya chupa na wale wenye nundu mgongoni.

Tuliondoka alfajiri, watalii watano na mimi. Nahodha alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya mkono. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Wewe wa bara wapi?" Nikamwambia Bukoba. "Aa, kwenye ndizi," akasema, akavuta mashine.

Jua lilikuwa limepanda kidogo tulipowaona. Migongo sita, myeusi, inainuka na kuzama polepole kama gurudumu linalozunguka chini ya maji. Mmoja alikuwa mdogo, amegandamana na ubavu wa mama yake. Ndugu msomaji, nisikufiche: moyo ulinipasuka kwa furaha. Lakini hatukuwa peke yetu. Mashua zilitoka kila upande, nikahesabu kumi na moja. Kila mashua inavuma, kila nahodha anataka abiria wake wawe wa kwanza. Watu wanarukia majini na miwani usoni. Pomboo wanazama. Wanaibuka mbele kidogo, na mashua zote zinageuka kuwafuata. Wanazama tena.

Mzee akapunguza mashine. "Hawa wamechoka," akasema. "Wanataka kulala hawa."

Na mimi, mtoto wa Muleba, ambaye nauli tu ya kufika pale nilikuwa nimeidunduliza miezi minane, nikasikia mdomo wangu unasema: "Lakini tumelipa, mzee. Wakate kwa mbele."

Aliniangalia. Hakugomba. Akageuza mashua, akawakata kwa mbele. Yule mama akageuka ghafla, mtoto akabaki upande mmoja wa mashua na mama upande wa pili, kwa muda wa pumzi moja tu. Kisha wakakutana, wakazama, hatukuwaona tena. Mashua kumi na moja zikabaki zinazunguka juu ya maji matupu, kama watu waliofika harusini wakakuta nyumba imefungwa.

Watalii walipiga makofi, maana walikuwa wamepata picha. Mimi nilikaa kimya. Ule mgongo niliuona mahali. Niliuona kibanjani.

Sasa tubishane. Utaniambia, bwana wee, huyo ni mnyama tu. Sawa, ni mnyama. Lakini ni mnyama anayenyonyesha mtoto wake, na anayevuta hewa hii hii unayovuta wewe. Samaki akikukimbia anaweza kukaa chini. Pomboo hawezi kukukwepa kwa muda mrefu, kwa sababu pumzi yake iko juu, kwako. Lazima aje. Yule anayelazimika kuja mbele yako si lazima awe amekualika. Bibi yangu naye atakwenda wapi? Nyumba ni ile ile, jiko ni lile lile, na mjukuu yuko mlangoni na daftari.

Utaniambia pia kwamba pomboo wanafurahi, si unaona wanavyotabasamu? Mimi nami niliamini hivyo. Lakini lile si tabasamu, ndugu yangu, ni umbo la taya. Akiwa na raha mdomo uko vile, akiwa na hofu uko vile vile. Binamu yangu aliniambia kwamba hotelini kwao tabasamu ni sehemu ya sare: unalivaa asubuhi, unalivua usiku. Kwa hiyo hata kwa binadamu, uso si kibali.

Wala si mawazo yangu tu. Watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, wamewachunguza pomboo wa Kizimkazi kwa miaka mingi. Imeonekana kwamba mashua za watalii zinapowazunguka, muda wao wa kupumzika, kula na kucheza pamoja hupungua, na muda wa kwenda mbio huongezeka. Pomboo halali usingizi mzito kama wetu. Hupumzisha ubongo nusu nusu, huku akiendelea kuogelea na kupanda juu kuvuta hewa. Ukimfukuza saa hiyo umemwamsha mtu usiyejua kama alikuwa amelala.

Lakini kuna hoja moja iliyonishinda kuipuuza, na aliyenipa ni mzee mwenyewe. Wakati wa kurudi nilimwomba radhi. Akacheka kidogo, akasema, "Baba yangu alikuwa akiwaua hawa. Nyama yao chambo cha papa. Hapana aliyekuwa akiwaonea huruma." Na ni kweli. Pomboo wa maeneo yale waliwindwa kwa ajili ya chambo na kitoweo, mpaka watalii walipoanza kuja mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ikaonekana kwamba pomboo hai ana faida kuliko pomboo aliyekufa. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Kwa hiyo macho yale yale yanayowachosha leo ndiyo yaliyowaokoa jana. Tukisema watu wote wafumbe macho, warudi nyumbani, je, mzee atalisha watoto kwa nini? Na chuma cha kuwindia hakitatolewa tena darini?

Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu na mimi nina hoja kama hiyo kuhusu riwaya yangu. Wasipoandikwa waliozama 1996, watazama mara ya pili. Vijana wengi wa umri wangu pale Bukoba wanaijua MV Bukoba kama jina tu. Baba mdogo hana kaburi. Pengine kitabu kingekuwa kaburi lake. Je, niache kutazama kwa kuwa kutazama kunaumiza?

Nikamuuliza mzee, "Sasa tufanyeje?"

Akazima mashine. Tulikuwa bado mbali na pwani, mashua zingine zimekwisha kuondoka. "Sisi huku hodi ni tatu, mwanangu," akasema. "Umepiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hukuitikiwa, rudi kwenu. Si kwamba umefukuzwa. Mwenyewe kapumzika tu."

Tukakaa tukielea. Watalii walianza kuuliza kuna nini, mzee akawaonyesha kwa mkono kwamba watulie. Hakuja hata pomboo mmoja karibu yetu. Lakini kwa mbali, mahali nisipopaona vizuri, nilisikia sauti: puu! Kisha nyingine, ndogo zaidi: pu! Ilikuwa pumzi ya mama na ya mtoto. Asubuhi yote nilikuwa nimewakimbiza na sikuwa nimewasikia wakipumua.

Hili ndilo ninalotaka kusema, na sina kubwa zaidi. Macho hayana pazia, kweli, lakini nyumba ya mtu ina mlango, na heshima ya mgeni ni kusimama nje ya mlango huo. Kosa letu halikuwa kutaka kuona. Kosa lilikuwa kudhani kwamba fedha tulizotoa, au safari ndefu tuliyosafiri, au uzuri wa nia yetu, vilitupa haki ya kuonyeshwa. Nilimlipa nahodha kwa mafuta yake, mashua yake na jasho lake. Pomboo sikumlipa kitu, na hakunidai wala hakuniahidi. Miongozo ya utalii wa pomboo nayo inasema mambo ya namna hiyo: usiwakate mbele, usimtenganishe mama na mtoto, usikae nao muda mrefu, mashua zisijazane. Ukiitazama vizuri utaona ni adabu za mgeni tu, zimeandikwa kwa lugha ya ofisi.

Na adabu hiyo ina gharama. Anayepiga hodi akubali kwamba huenda asiitikiwe. Akubali kurudi Bukoba bila picha. Mwandishi akubali kwamba riwaya yake huenda ikabaki na tundu.

Niliporudi Muleba nilikaa kwa bibi siku mbili. Kaunta buku lilibaki Bukoba. Tulimenya ndizi. Alizungumza habari za mvua, za bei ya kahawa, za jirani aliyeoa. Kuhusu Kemondo sikuuliza, naye hakusema. Sura ya saba ya riwaya yangu, sura ya bandarini, ni ukurasa mtupu mpaka leo.

Wenzangu mnaoandika mtakuwa mmekwisha kuniona mnafiki. Utasema, mbona bibi yako tumemkuta hapa juu, amekupa mgongo, na maneno yake umeyachapa? Swali zuri. Kabla sijaleta makala haya nilipanda daladala nikaenda kumsomea, tangu mwanzo hadi kibanjani. Alisikiliza huku kisu kikiwa mkononi. Nilipomaliza nikanyamaza, nikangoja.

"Hayo peleka," akasema. "Ya Kemondo bado."