Aliyeacha Kazi Ili Auguze

Ipyana ya Kyela, nchi ya mpunga karibu na pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ina jina ambalo kwa Kinyakyusa maana yake ni neema. Tumwazie mkunga wa huko, mwenye miaka 20 ya kazi, aliyeiacha ili amwuguze mama yake aliyepooza. Miaka 6 ikapita, mama akazikwa. Sasa ataka kurudi kazini, naye aulizwa: “Siku zote hizo ulikuwa wapi?” Je, ni haki kumfungia mlango?

Wako wasemao kuwa ni haki. Husema kwamba dawa hubadilika, mikono husahau, na mgonjwa si wa kujaribiwa. Tena vijana wengi wenye vyeti wangali wakingoja ajira. Mbona apewe nafasi aliyeiacha kwa hiari? Hoja hizi si za kudharauliwa. Uhai wa mzazi na mtoto wake watangulia huruma yetu kwa mkunga. Ndiyo maana Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 hairuhusu mtu kufanya kazi hiyo bila leseni; wala hatuombi ilegezwe.

Lakini kumpima mtu ni jambo moja, na kumwadhibu ni jambo jingine. Apimwaye huonyeshwa lililopungua ili alijaze; aadhibiwaye hutupwa pamoja na yote aliyo nayo. Na kosa la huyu ni lipi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Vema. Bali mgonjwa wa kupooza hajui hesabu ya siku. Sote humsifu binti amtunzaye mamaye. Basi, tukimsifu nyumbani na kumwadhibu ofisini, sifa zetu zina thamani gani?

Ng’ambo ya Mto Songwe, jirani zetu wa Malawi walielemewa na upungufu wa wauguzi. Mwaka 2004 walianza mpango wa dharura: wakawaongezea watumishi wa afya wa kada kadhaa mishahara kwa asilimia 52, wakawaita tena hata waliokwisha kustaafu. Hayo waliyafanya kwa kubanwa na dhiki. Je, nasi tungoje dhiki itufundishe?

Yafaa arudiaye apewe miezi michache chini ya mkunga mwenzake, ajifunze mapya, kisha apimwe. Nafasi ikiwa moja, ishindaniwe kwa haki, ila miaka ya kuuguza isihesabiwe kuwa doa. Naye hana budi kunyenyekea, akubali kufundishwa hata na kijana ambaye pengine alimpokea mwenyewe siku ya kuzaliwa kwake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini koleo jipya sharti litafutwe.

Tena, ndugu wasomaji, tusiwalaumu waajiri peke yao. Mama yule alikuwa na watoto wengine. Walileta sukari siku za sikukuu, wakarudi kwenye kazi zao, na mishahara yao haikukatika hata mwezi mmoja. Kabla ya kumwuliza dada yao alikuwa wapi miaka 6, na waulizwe wao walikuwa wapi.