Mlio wa Pauni 8

Agosti 1963, huko Feltham, magharibi mwa London, kijana wa miaka 16 alikuwa akililia gitaa la Fender Stratocaster, na nyumbani kwao hela ya kulinunua haikuwapo. Baba yake, Harold May, alikuwa fundi wa vyombo vya elektroniki. Mtoto, Brian, alikuwa na subira. Wakaamua kulitengeneza wenyewe. Shingo waliichonga kutoka ubao wa mkangazi uliokuwa juu ya meko ya nyumba ya kale, na matundu yaliyotobolewa na wadudu wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Madoa meupe ya kwenye shingo ni vifungo vya nguo vya mama yake. Springi za mkono wa kutetemesha sauti zilitoka kwenye injini ya pikipiki ya Panther ya mwaka 1928, na ncha ya mkono huo ni kipande cha sindano ya kufumia sweta. Kazi ikachukua kama miaka 2. Gharama yote, kwa hesabu ya Brian May mwenyewe, ilikuwa pauni 8.

Gitaa hilo, Red Special, ndilo linalosikika katika karibu kazi zote za Queen, bendi ambayo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Leo nakala zake zinauzwa madukani kwa bei ambayo ingemtoa Harold May mbio. Watu wanatoa pesa nyingi kununua mfano wa kitu kilichoundwa kwa sababu pesa hazikuwapo, na wengi wao wanarudi nyumbani, wanachomeka waya, na mlio wanaousikia si ule.

Basi anayeutamani mlio wa mpiga gitaa fulani hasa anatamani nini?

Jibu la haraka, ambalo kila mpiga solo mkongwe atalitoa kabla hujamaliza kuuliza, ni kwamba mlio uko vidoleni. Ushahidi upo. Mpiga gitaa Ted Nugent amesimulia alivyopata nafasi ya kupiga kwa vyombo vya mwenzake Eddie Van Halen, gitaa lilelile na amplifaya zilezile, akasikika Ted Nugent. Muziki wa dansi Tanzania una ushahidi mzito zaidi, maana huko vyombo kwa kawaida vimekuwa mali ya mwenye bendi: chama, shirika au tajiri. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mpigaji akihama, huacha gitaa alilolizoea na kwenda kukuta jingine, na wapenzi wa dansi humtambua kabla mtangazaji hajalitaja jina lake. Mbaraka Mwinshehe alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, nani aliyehitaji kuambiwa ni nani anapiga solo?

Lakini imani hiyo ya vidole ina kasoro. Ni faraja kwa asiye na vyombo, na kwa aliye navyo ni majivuno ya bure, kwa kuwa inamruhusu asitaje amplifaya iliyo nyuma yake. May hapigi kwa kijiti cha plastiki. Anapiga kwa sarafu ya peni 6, na meno ya ukingo wake huukwaruza uzi kila anapougusa. Amplifaya yake ya Vox AC30 huifungua mpaka mwisho, kisha ukali wa mlio huuongoza kwa kitufe cha sauti kilicho kwenye gitaa. Mnyang'anye sarafu, punguza amplifaya, na vidole ni vilevile ila mlio umekwenda.

Tena, vidole gani? Mpiga gitaa Tony Iommi, wa Birmingham, alikuwa na miaka 17 mashine ya kiwanda cha mabati ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono anaobania nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akafinyanga vikofia, akavivika ngozi, akavaa. Nyuzi nene zikawa zinamshinda, akafunga nyembamba. Baadaye akazilegeza na mlio ukashuka chini, mzito, na bendi yake, Black Sabbath, ikasimama juu ya uzito huo. Anayesema mlio wa Iommi uko vidoleni aseme pia kwamba ncha za vidole hivyo zilikuwa chupa ya sabuni.

Kuna mahali ambapo chombo hakipo kabisa. Katika madrasa za pwani vijana wengi wamekua wakiiga kisomo cha Abdul Basit Abdus Samad, msomaji wa Kurani wa Misri aliyefariki mwaka 1988: ile pumzi ndefu, vile vituo, ule upandaji wa sauti. (Wenyewe hawataki kisomo kiitwe muziki, na wana hoja.) Kanuni za tajwidi ni moja kwa wote na hakuna amplifaya ya kulaumiwa, ila anayeiga vizuri kupita wenzake bado atatambulika kwa aya mbili kuwa si Abdul Basit. Koo nalo ni chombo, tofauti ni kwamba hukulichagua dukani. Hapo ndipo mgawanyo wa mkono upande huu na vifaa upande ule unapoanza kuvuja. Mwili ni kifaa cha kwanza, cha pili ni ubao, cha tatu ni waya, na katika vyote hivyo kuna mtu anayesikiliza na kusema hapana, bado, hapana, hapo hapo, usiguse.

Mtu huyo anaonekana wazi zaidi katika kisa cha kisanduku cha John Deacon. Deacon, mpiga besi wa Queen, alisomea elektroniki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliokota bodi ya saketi kwenye pipa kubwa la taka la mtaani London, akaifunga ndani ya boksi la spika kuukuu na kuiunganisha na betri ya volti 9. Kisanduku hicho cha amplifaya hakina kitufe cha sauti wala cha besi. Ni kidogo kiasi cha kukaa juu ya kabati la vitabu. May alipochomeka gitaa lake humo akasikia kitu ambacho AC30 haikuwa nacho, na katika wimbo wa Good Company wa mwaka 1975 akakitumia kuunda kikundi kizima cha jazi ya zamani, tarumbeta na klarineti, bila tarumbeta wala klarineti. Takataka ikaiga shaba, na ikaiga vizuri.

Plato angekunja uso. Katika kitabu cha 10 cha Jamhuri anaweka ngazi tatu: kitanda halisi ambacho Mungu ndiye aliyekiumba, kitanda cha seremala kinachokifuata hicho, na kitanda cha mchoraji, ambacho ni mwigo wa mwigo. Kwa ngazi hiyo, gitaa la May linaloiga tarumbeta liko chini, na kijana wa Tandika, Dar es Salaam, anayemuiga May kwa simu yuko chini zaidi, karibu na shimo. Hata hivyo, kurasa chache mbele Plato huyohuyo anasema jambo lisiloendana vizuri na ukali wake: mtengeneza filimbi hajui filimbi nzuri ni ipi mpaka mpigaji amwambie. Ujuzi uko kwa mtumiaji. Mtengenezaji anaamini tu anachoambiwa, na mwigaji hana hata hicho.

Sasa mtazame kijana wa Tandika. Ana gitaa la mtumba, waya wa kuunganisha na simu, programu ya bure na spika za masikioni. Programu inampa jina la AC30, anabonyeza, inatoka sauti nene yenye ukungu. Akiwa mwigaji wa aina aliyoikataa Plato, ataishia hapo na kulaumu bei ya gitaa. Ila akiendelea atagundua kwamba May hukata besi kabla ya mlio kuanza kukwaruza, si baada yake. Ndiyo kazi ya kidubwasha cha kuongeza wembamba wa sauti ambacho May hukiweka kati ya gitaa na amplifaya. Kijana anakisogeza ndani ya programu, kutoka nyuma kwenda mbele, na ukungu unapungua. Anatafuta sarafu nyembamba yenye meno na kuiweka mahali pa plastiki. Anarudisha kitufe cha gitaa nyuma kidogo na mlio unasafika bila kuondoka. Hapo ameshakuwa mpigaji anayemwambia fundi, na fundi ni yeye mwenyewe. Mwenye nakala ghali ya Red Special anaweza kuikwepa safari hiyo yote, ndiyo maana mara nyingi hafiki.

Si kila kitu kinafikika, na ni uongo kumwambia kijana vinginevyo. AC30 iliyofunguliwa mwisho inasukuma hewa ya chumba kizima, na hewa hiyo inarudi kuutikisa uzi wa gitaa. Ndiyo siri ya zile noti za May zinazokaa bila kufa. Spika ya sikioni haitikisi uzi wowote.

Pia kuna yanayosikika kwenye rekodi ambayo hayakuwa ya mpigaji. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Kongo, kwa gitaa kavu na Kiswahili cha Katanga, na wimbo wake Masanga ukasambaa sehemu kubwa ya Afrika. Tracey alikuwa na desturi ya kushika maikrofoni mkononi na kuisogeza kadiri muziki ulivyoendelea. Wapigaji wa Kenya walioketi na sahani za santuri za rekodi hizo, wakisogeza sindano nyuma mara kwa mara, walikuwa wakifukuza mkono wa Mwenda pamoja na mkono wa Tracey. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda mwenyewe alifika Nairobi na kupiga katika matangazo ya redio ya dawa ya Aspro. Mwingereza John Low alikwenda mbali kuliko wote: alisafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, akakaa na Mwenda na wapiga gitaa wenzake Edouard Masengo na Losta Abelo akiwatazama vidole, na kitabu chake Shaba Diary cha mwaka 1982 kinaonyesha kwamba swali la gitaa la aina gani ni dogo sana mbele ya swali la kidole gumba na cha shahada vinafanya nini.

Aristotle, katika Siasa, alitaka filimbi bora apewe mpigaji bora, si mwenye nasaba wala mwenye sura. Ni haki nzuri, ila inadhani mpigaji bora ameshapatikana kabla ya filimbi kugawiwa. Red Special na kisanduku cha Deacon vinasema mambo yalikwenda kinyume.

Mjadala huu una mzee wake. Al-Maqqari wa Tlemcen, aliyeandika katika karne ya 17, anasimulia kwamba Khalifa Harun al-Rashid alimwita Ziryab, mwanafunzi wa mwanamuziki Ishaq al-Mawsili, na kuamuru aletewe udi wa mwalimu wake. Ziryab akaukataa kwa adabu. Khalifa akitaka kusikia mtindo wa Ishaq, alisema, ataupiga udi wa Ishaq. Akitaka wake, hana budi kuupiga aliouunda mwenyewe. Harun hakuona tofauti kati ya nyudi hizo mbili. Ziryab akaeleza: umbo moja, mti mmoja, ila wake mwepesi kwa karibu theluthi na nyuzi zake si za aina ile. Akapiga, Khalifa akafurahi, na Ishaq, aliyeweza kumvumilia mwanafunzi anayemuiga, akamtaka aondoke Baghdad. Mwaka 822 Ziryab alifika Córdoba. Huko akaongeza uzi wa tano, akakitupa kijiti cha kupigia na kushika unyoya wa tai, na wapigaji wa Andalusia wakaanza kuuiga udi wake, unyoya na vyote.