Mchumia Juani, Kivuli ni cha Nani?

Methali nyingi tumezikariri skuli bila ya kuziuliza kitu. Mchumia juani hulia kivulini, tumeambiwa. Haya. Lakini mtu wa Pemba akitembea Mji Mkongwe wa Unguja, mitaa ya Hurumzi na Gizenga, methali hiyo humkwama kooni.

Zitazame zile nyumba za wafanyabiashara wa zamani. Chini duka, milango yake inafunguka njiani. Juu makaazi ya mwenyewe. Kuta nene za mawe na chokaa, boriti za mikoko, roshani za mbao zenye nakshi. Nje jua linachoma, ndani baridi. Hicho ndicho kivuli. Na waliochuma juani ni nani?

Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo mzigo mkubwa wa karafuu ukabebwa na Pemba. Waliochuma mwanzo walikuwa watumwa. Utumwa ukaondolewa kisheria mwaka 1897, mchumaji akawa wa kulipwa kwa pishi. Kwetu Shumba ardhi ni ya mawe, basi msimu ukiwadia watu hufunga virago kwenda magharibi kuchuma. Bibi yangu kaenda hivyo miaka na miaka. Mchana matawini, usiku kuchambua makonyo. Ngazi ya nyumba zile hajaikanyaga.

Sasa wako vijana wenzangu wanaosema: yavunjwe, hayo ni majumba ya dhuluma! Wengine wanasema: yatunzwe, watalii wanaleta fedha. Mie siko kwa hawa wala kwa wale.

Mchukue Tharia Topan. Ndiye tajiri aliyemkopesha Tippu Tip fedha za misafara. Ndiye pia aliyeweka jiwe la msingi, mwaka 1887, la lile jengo la roshani pale Mizingani, akikusudia liwe hospitali ya maskini. Mkono ule ule, mfuko ule ule. Utavunja nusu gani ubakishe nusu gani?

Jengo la biashara ni daftari la hesabu. Upande wa aliyepokea umeandikwa kwa nakshi. Upande wa aliyetoa mtupu. Ukilichoma daftari deni halifutiki, ila unampunguzia mdaiwa ushahidi. Na ukilipaka chokaa tu ukalionyesha kwa wageni, unaisoma hesabu nusu.

Kuliacha lijiozee nako si uadilifu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka ikaua watu wawili waliokuwa kazini humo. Waliolijenga jumba wamekwisha kufa zamani, na bado linamdai kibarua roho yake.

Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika urithi wa dunia. Vyema. Lakini kila urithi una warithi, na mirathi haigawiwi mpaka madeni ya marehemu yalipwe. Deni hili halilipiki kwa fedha, waliodai wamezikwa. Linalipika kwa kutajwa.

Basi wenzangu mnaojifunza kuandika, kazi yetu hiyo. Riwaya ngapi zimeingia nyumba zile kwa mlango wa mbele, zikasifu nakshi? Ziingieni kwa pishi na jamvi la kuanikia karafuu. Kuta zisimame, bwana, lakini zisisimame peke yake kusema.