Kinywa cha Gavana, Mkono wa Askari

Tarehe 17 Juni 1775, kwenye kilima karibu na Boston, wapiganaji wa Marekani walikuwa na baruti haba, na bunduki za enzi zile hazikulenga vizuri kwa mbali. Waliambiwa wasifyatue mpaka waone weupe wa macho ya Waingereza. Nani aliwaambia? Wengine humtaja Israel Putnam, wengine William Prescott, na wapo wanaosema maneno hayo yalitangulia kusikika katika majeshi ya Prussia. Waingereza zaidi ya 1,000 waliuawa au kujeruhiwa siku ile. Amri ikawa fahari, na fahari hugombaniwa.

Hapa Lubumbashi, Kongo, kuna amri isiyogombaniwa na mtu.

Desemba 1941, mji ukiitwa Elisabethville, wafanyakazi weusi wa kampuni ya madini ya Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Vita vilikuwa vimepandisha bei, na shaba ya Katanga ilikuwa ikihitajika kuliko wakati wowote. Tarehe 9, kwenye uwanja wa mpira, askari wakaufyatulia umati risasi. Karani Léonard Mpoyi, msemaji wa wagomaji, akauawa. Kuhusu idadi ya waliokufa, hesabu za serikali zinataja makumi, za mitaani zinapita mia.

Gavana Amour Maron ndiye anayetajwa kuwa aliamuru. Lakini masimulizi ya mji yanakwenda mbali zaidi: yanasema alimpiga Mpoyi risasi kwa mkono wake mwenyewe. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mjini humu mwaka 1947, aliyatia mauaji hayo katika picha zake za historia ya nchi, akamweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha hizo kwa Kiswahili cha hapa.

Iwe ilitokea hivyo ama sivyo, simulizi hiyo ina hukumu ndani yake: aliyetamka ndiye aliyeua. Wakristo wa Katanga wanaijua hukumu hiyo tangu Biblia. Mfalme Daudi hakumgusa askari wake Uria. Aliandika barua tu, jemadari wake Yoabu akamweka Uria mahali pa kufa. Nabii Nathani alipokuja, hakwenda kwa Yoabu. Alikwenda kwa mfalme na kumwambia kwamba amemuua Uria.

Na Yoabu je? Hapo ndipo macho ya Boston yanaporudi. Anayesubiri mpaka aone macho anajua anayemuua. Uwanja wa mpira si mkubwa. Askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Wakongo chini ya maofisa Wabelgiji, waliwaona waliokuwa mbele yao. Waliishi pia chini ya fimbo, na kukaidi amri kulikuwa na bei yake. Hofu hiyo inapunguza deni lao, lakini hailifuti, kwa kuwa kidole kilichovuta kilikuwa chao.

Masimulizi yameyashika majina mawili, Maron na Mpoyi. Waliosimama kati yao wakiwa na bunduki bado wanaitwa askari tu, kama kwamba Nathani hatafika kwao kamwe.